Tokeni za vyakula vyenye hati ya asili: Mlaji ananunua nini hasa?

KWA msomaji wa Afrika Mashariki, neno tokeni huleta kwanza fikra ya umeme: tarakimu 20 ambazo mtu hununua kwa simu, akazibonyeza kwenye mita, na taa zikawaka. Tarakimu hizo si umeme wenyewe. Ni ushahidi tu kwamba umeme umelipiwa, na mita huukubali ushahidi huo kwa sababu imetengenezwa iutambue.

Tokeni inayozungumziwa katika makala haya ni ndugu wa mbali wa ile ya umeme. Ni rekodi ya kipekee iliyohifadhiwa katika daftari la kielektroniki, ambayo husimama badala ya kitu fulani cha kuliwa au kunywewa: gurudumu la jibini la Italia, chupa ya wiski ya Uskoti, au pipa la mvinyo lililo bado ghalani. Tangu mwaka 2021, ambapo tokeni za kidijitali zilivuma duniani, watengenezaji, wafanyabiashara na watafiti wa Ulaya wamekuwa wakijiuliza ikiwa walaji wa vyakula vyenye majina ya mahali wanavutiwa nazo, na hasa ikiwa wako tayari kuzilipia.

Swali hilo si la wapenzi wa teknolojia pekee. Nyuma yake kuna mgogoro wa siku nyingi. Upande mmja yupo mkulima anayefuata masharti magumu ili chakula chake kiitwe kwa jina la mahali alipozaliwa. Upande wa pili yupo mwigaji anayelitumia jina hilo bila kuyafuata masharti. Katikati yupo mlaji, anayelipa bei ya kitu halisi pasipo kuwa na njia ya kujua amepewa nini.

Chakula chenye hati ya asili ni kipi?

Yapo majina ya vyakula ambayo kwa hakika ni majina ya mahali. Sheria za kimataifa huyaita viashiria vya kijiografia. Mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani, uliotiwa saini mwaka 1994, unaeleza katika kifungu cha 22 kwamba hizo ni ishara zinazotambulisha kuwa bidhaa imetoka katika nchi au eneo fulani, pale ambapo ubora, sifa au heshima ya bidhaa hiyo kimsingi inatokana na asili yake.

Umoja wa Ulaya ndio uliojenga mfumo mpana zaidi wa kuyalinda majina hayo. Sheria yake ya kwanza ya pamoja kuhusu vyakula ilitungwa mwaka 1992, ikafanyiwa marekebisho mwaka 2006 na 2012, na sheria mpya iliyounganisha kanuni za mvinyo, pombe kali na mazao mengine ilianza kutumika Mei 13, 2024.

Mfumo huo una ngazi mbili kuu. Ya kwanza ni Jina la Asili Lililolindwa, ambalo hudai kwamba hatua zote za uzalishaji, usindikaji na utayarishaji zifanyike katika eneo lililotajwa. Ya pili ni Kiashiria cha Kijiografia Kilicholindwa, ambacho hutosheka iwapo angalau hatua moja imefanyika humo. Katika ngazi zote mbili, wazalishaji huandika kanuni za namna chakula kinavyotengenezwa, na wakaguzi hupita kuhakikisha kuwa kanuni hizo zinafuatwa.

Faida yake si ndogo. Utafiti uliotolewa na Tume ya Ulaya mwaka 2020 ulionyesha kuwa mauzo ya bidhaa zenye majina yaliyolindwa yalifikia euro bilioni 74.76 katika mwaka 2017, na kwamba kwa wastani bei ya bidhaa hizo ilikuwa mara mbili ya bei ya bidhaa zinazofanana nazo zisizo na hati.

Hata hivyo, wingi wa mauzo haumaanishi kwamba mlaji anaielewa hati. Kura za maoni za Eurobarometer zimeonyesha mara kadhaa kuwa ni takriban raia 1 kati ya 5, au pungufu ya hapo, anayezitambua nembo za majina yaliyolindwa anapoonyeshwa. Wengi hununua kwa jina, kwa mazoea, au kwa kumwamini muuza duka. Jambo hili ni la kukumbukwa, kwani tokeni inakuja kuongezwa juu ya nembo ambayo walaji wengi hawajaifahamu.

Kwa nini macho hayatoshi

Wanauchumi hugawa bidhaa katika makundi matatu. Yapo mambo ambayo mnunuzi huyaona kabla hajalipa, kama vile rangi ya embe. Yapo ambayo huyajua baada ya kutumia, kama vile utamu wa embe hilo. Na yapo ambayo hatayajua hata baada ya kula: je, ng'ombe alilishwa majani ya bonde lile? Je, maziwa yalitoka upande huu wa mto au upande wa pili? Kundi hili la tatu lilipewa jina la bidhaa za imani na wanauchumi Michael Darby na Edi Karni mwaka 1973, wakiendeleza hoja za Philip Nelson za mwaka 1970.

Mwaka huo huo wa 1970, George Akerlof, aliyekuja kupewa tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2001, alieleza hatari iliyopo pale muuzaji anapojua zaidi ya mnunuzi. Ikiwa mnunuzi hawezi kutofautisha kizuri na kibovu, atakataa kulipa bei ya kizuri; na mwenye kizuri, akiona halipwi stahiki yake, ataondoka sokoni. Wanaobaki ni wenye vibovu. Kwa hiyo bidhaa bandia haimwumizi mlaji peke yake. Humwondoa pia mkweli.

Hati, nembo, muhuri na sasa tokeni, vyote ni majaribio ya kuiziba pengo hiyo ya habari. Mfano unaoonyesha vizuri safari hiyo ni jibini la Parmigiano Reggiano.

Jibini lenye kitambulisho

Parmigiano Reggiano hutengenezwa kaskazini mwa Italia, katika mikoa midogo ya Parma, Reggio Emilia na Modena, pamoja na sehemu ya Bologna iliyo magharibi mwa mto Reno na sehemu ya Mantova iliyo kusini mwa mto Po. Viungo vyake ni vitatu tu: maziwa, chumvi na kigandisho kitokacho katika tumbo la ndama. Ng'ombe hawaruhusiwi kulishwa malisho yaliyovundikwa. Gurudumu moja huhitaji takriban lita 550 za maziwa, huwa na uzito wa kilo 40 hivi, na hulazimika kukaa ghalani miezi isiyopungua 12. Mengi hukaa miezi 24, na mengine hupita miezi 36.

Alama za uhalisi huanza kuwekwa siku za mwanzo kabisa. Jibini likiwa bado laini, huzungushiwa ukanda wenye nukta zinazochapa jina lake kwenye ganda lote, pamoja na namba ya kiwanda na mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Juu yake hubandikwa kibao kidogo cha kasini, yaani protini ya maziwa yenyewe, chenye msimbo wa pekee kwa kila gurudumu. Vibao hivyo vilianza kutumika mwaka 2002, miaka mingi kabla neno tokeni halijaingia katika mazungumzo ya chakula.

Miezi 12 ikitimia, mkaguzi huja na nyundo ndogo. Huligonga gurudumu na kusikiliza. Sauti isiyo sawa humwambia kwamba ndani mna mpasuko au tundu. Lililofaulu hupigwa chapa ya moto. Lililoshindwa huondolewa alama zake zote kwenye ganda, lisije likauzwa kwa jina ambalo halikulistahili.

Pamoja na uangalifu huo, jina lilitoroka. Nchini Marekani, jibini lililotengenezwa humo humo huuzwa kihalali kwa jina la "parmesan". Barani Ulaya, Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua Februari 26, 2008 kwamba kutumia jina "Parmesan" kwa jibini lisilofuata kanuni ni kuamsha fikra za jina lililolindwa, ingawa katika kesi hiyo hiyo ilikataa dai kwamba Ujerumani ilikuwa na wajibu wa kuwasaka wakosaji bila kuletewa malalamiko. Mwaka 2022, muungano wa wazalishaji wa jibini hilo, ulioanzishwa mwaka 1934, ulikadiria kuwa biashara ya jibini la kuigiza duniani inazidi dola bilioni 2 kwa mwaka.

Ni katika mwaka huo wa 2022 ambapo muungano ulitangaza kuingiza katika vibao vya kasini chipu ndogo sana, za ukubwa unaokaribia punje ya chumvi, kwa kushirikiana na kampuni za Kaasmerk Matec ya Uholanzi na p-Chip ya Marekani. Jaribio kubwa lilipangwa kufanywa kwenye magurudumu 100,000. Kila chipu ina namba yake, na namba hiyo inaweza kuunganishwa na rekodi iliyo katika daftari la kidijitali. Kwa njia hiyo gurudumu lenye ganda na harufu hupata pacha wake ndani ya kompyuta.

Lakini hapa ndipo mlaji anapopaswa kutulia kidogo. Chipu hiyo husomwa kwa kifaa maalumu cha leza, si kwa kamera ya simu. Aidha, mlaji wa kawaida hanunui gurudumu zima. Hununua kipande cha gramu 300, au mfuko wa jibini lililokunwa. Gurudumu likishakatwa, kibao hubaki kwenye kipande kimoja. Kwa vipande vingine vyote, kinachomlinda mlaji ni sheria na ukaguzi wa sehemu ya kukatia. Ndiyo maana Mahakama ya Haki ya Ulaya, katika hukumu mbili za Mei 20, 2003, ilikubali kwamba kanuni zinaweza kudai jibini la Grana Padano likunwe, na paja la nguruwe la Parma likatwe na kufungashwa, ndani ya eneo la asili, mradi sharti hilo limetangazwa wazi.

Tokeni hufanyaje kazi?

Daftari linalobeba tokeni hujulikana kama blokucheni. Halitunzwi na karani mmoja bali na kompyuta nyingi kwa pamoja, kila moja ikiwa na nakala yake. Kila ukurasa mpya hufungwa kwa muhuri wa kihesabu unaotegemea ukurasa uliotangulia. Anayetaka kufuta maandishi ya jana atalazimika kuzifuta nakala za wengine pia, na ujanja wake utaonekana.

Tokeni ya kipekee ni ingizo katika daftari hilo lisiloweza kubadilishwa na jingine kama shilingi inavyobadilishwa na shilingi. Kiwango kinachotumiwa sana kuziunda katika mtandao wa Ethereum, kiitwacho ERC-721, kilipendekezwa mwaka 2018. Mwenye tokeni huihifadhi katika pochi ya kidijitali, na huweza kuiuza au kumpa mwingine.

Katika biashara ya vyakula na vinywaji, tokeni hufanya kazi za namna tatu, na ni vyema mlaji asizichanganye.

Namna ya kwanza ni cheti. Tokeni hueleza kitu kilitoka wapi, lini, na kimepitia mikono ya nani. Mlaji haimiliki; huisoma tu, mara nyingi kwa kuelekeza simu kwenye msimbo wa QR.

Namna ya pili ni stakabadhi. Mwenye tokeni ndiye mwenye mali, ingawa mali yenyewe iko ghalani. Oktoba 2021, kampuni ya BlockBar iliuza tokeni za chupa 15 za wiski ya Glenfiddich ya mwaka 1973, kila moja kwa dola 18,000. Wiski ya Uskoti ni jina linalolindwa kisheria. Mnunuzi aliweza kuiuza tokeni kwa mwingine, au kuirudisha na kuletewa chupa.

Msomaji wa Tanzania hatashangazwa na wazo hilo. Mfumo wa stakabadhi ghalani, uliotungiwa sheria mwaka 2005 na kuanza kutumika kwenye korosho miaka miwili baadaye, una mantiki hiyo hiyo: mazao yapo ghala, karatasi ipo mkononi. Huko Italia nako, benki ya Credito Emiliano imekuwa ikipokea magurudumu ya jibini kama dhamana ya mikopo tangu mwaka 1953, na kuyatunza katika maghala yake mpaka mkopo ulipwe. Tokeni haikuvumbua biashara hiyo. Imeiondoa kwenye karatasi na kuiweka kwenye kompyuta.

Namna ya tatu ni uanachama. Mwenye tokeni hupewa haki ya kutembelea shamba, kununua mapema mavuno ya mwaka ujao, au kualikwa katika karamu ya kuonja. Hapa kinachouzwa si chakula tu, bali pia ukaribu na aliyekizalisha.

Mlaji anavutiwa na nini?

Ukimwuliza mtu kama angependa kujua chakula chake kimetoka wapi, atajibu ndiyo. Ukimwuliza kama angelipa zaidi kidogo apate uhakika huo, wengi nao watajibu ndiyo. Watafiti wa tabia za walaji wanaijua hatari ya majibu hayo: pesa ya kufikirika hutoka mfukoni kwa urahisi kuliko pesa halisi. Kwa sababu hiyo, tafiti zinazoonyesha kwamba walaji wanazipenda tokeni hazina budi kusomwa pamoja na kile ambacho walaji hao wamefanya dukani.

Ushahidi wa dukani upo, ingawa ni wa misimbo ya kufuatilia chakula kuliko tokeni zenyewe. Mwaka 2018 maduka ya Carrefour ya Ufaransa yalianza kuweka misimbo ya QR kwenye kuku wa Auvergne, ili mnunuzi aone mfugaji, malisho na tarehe ya kuchinjwa. Mwaka uliofuata kampuni hiyo ilieleza kuwa baadhi ya bidhaa zilizowekewa misimbo hiyo ziliuzwa kwa kasi zaidi. Nchini Marekani, Walmart ilipojaribu mfumo kama huo kwa maembe, muda wa kutafuta asili ya kifurushi ulishuka kutoka takriban siku 7 hadi sekunde 2.2.

Mifano hii miwili inatufundisha jambo moja. Walichovutiwa nacho walaji ni jibu la swali lao. Mzazi anataka kujua kama kuku alipewa dawa. Mwenye duka anataka kujua aondoe kifurushi kipi pindi ugonjwa ukizuka. Jina la teknolojia iliyolileta jibu haliwahusu, kama vile anayetuma fedha kwa simu asivyojishughulisha na mitambo iliyo nyuma yake.

Kuhusu tokeni ya kumiliki, hamu ya walaji imekuwa ya namna nyingine. Ilikuwa kubwa mwaka 2021, mwaka ambao picha ya kidijitali ya msanii Beeple ilinadiwa na Christie's kwa dola milioni 69.3. Ilipofika katikati ya mwaka 2022, soko la tokeni za kipekee lilikuwa limeporomoka. Wengi walionunua kwa matumaini ya kuuza ghali walibaki na rekodi zisizotafutwa na mtu. Aliyekuwa na chupa halisi nyuma ya tokeni yake alikuwa na unafuu, kwani angalau angeweza kuinywa.

Kuna vikwazo vinavyopunguza hamu hiyo. Cha kwanza ni ugumu wa matumizi. Fred Davis alionyesha mwaka 1989 kwamba watu huipokea teknolojia wakiiona ina manufaa na ni rahisi kuitumia. Pochi ya kidijitali yenye maneno 12 ya siri, ambayo yakipotea na mali imepotea, haijafikia urahisi huo. Cha pili ni bei: gharama ya kuunda na kutunza tokeni ni nyepesi kwa chupa ya dola 18,000, lakini ni nzito kwa kipande cha jibini. Cha tatu ni sifa mbaya iliyoachwa na utapeli wa mwaka 2021 na 2022. Mzalishaji aliyejenga jina kwa karne nyingi hana budi kujiuliza kama anataka litajwe pamoja na hayo.

Kikwazo cha nne, kile cha matumizi makubwa ya umeme, kimepungua. Septemba 15, 2022, mtandao wa Ethereum ulibadili namna unavyothibitisha kumbukumbu zake, na matumizi yake ya nishati yakashuka kwa zaidi ya asilimia 99.

Daftari halionji jibini

Udhaifu mkubwa wa tokeni hauko ndani ya daftari, bali mlangoni mwake. Blokucheni huzuia maandishi yasibadilishwe baada ya kuandikwa. Haizuii uongo usiandikwe. Ikiwa mtu ataandika kwamba maziwa yalitoka Reggio Emilia ilhali yalitoka kwingine, daftari litautunza uongo huo kwa uaminifu mkubwa.

Kwa hiyo, mwisho wa yote, thamani ya tokeni hutegemea watu: mkaguzi aliyegonga kwa nyundo, mwandishi wa namba, mtunza ghala, na chombo kinachoweza kumwadhibu anayedanganya. Pale ambapo ukaguzi ni imara, tokeni huongeza kasi na uwazi. Pale ambapo ukaguzi ni dhaifu, huupa udhaifu huo sura ya usasa.

Ipo pia hatari ya kuhamisha lebo. Chupa tupu ya mvinyo wa thamani, ikijazwa mvinyo mwingine, hubaki na msimbo wake halali. Ndiyo maana watengenezaji hupendelea alama zinazoharibika kifungashio kinapofunguliwa. Nchini Italia, mvinyo wa daraja la juu kabisa wa DOCG hufungwa shingoni kwa utepe wenye namba, uliochapishwa na mtambo wa serikali unaochapisha pia nyaraka nyeti za taifa. Utepe huo hukatika chupa ikifunguliwa.

Kisheria, Italia ilizitambua kumbukumbu za blokucheni mwaka 2019. Sheria ya Umoja wa Ulaya kuhusu mali za kidijitali, MiCA, iliyopitishwa mwaka 2023 na kuanza kutumika kikamilifu Desemba 30, 2024, kwa kawaida haizigusi tokeni ambazo kwa kweli ni za kipekee. Maana yake ni kwamba mnunuzi wa tokeni ya namna hiyo hana kinga zote walizopewa wanunuzi wa sarafu za kidijitali, na hubaki kutegemea sheria za kawaida za mauziano na za kumlinda mlaji.

Kyela, Mwea na Zanzibar

Mjadala huu haupo mbali nasi kama unavyoonekana. Dar es Salaam, gunia lolote la mchele linaweza kuandikwa "Kyela", kwa kuwa harufu ya mchele wa Kyela ina bei yake. Nairobi, pishori ya Mwea imelalamikiwa kwa miaka mingi kuwa huchanganywa na mchele wa bei nafuu kutoka nje. Mkulima wa Kyela au wa Kirinyaga hushindana na jina lake mwenyewe.

Kutumia simu kuhakiki bidhaa si jambo geni kwa walaji wa nchi hizi. Tanzania ilianza kutumia stempu za kielektroniki za kodi mwaka 2019, na mnunuzi huweza kuikagua stempu ya kinywaji kwa programu ya Hakiki Stempu. Kenya ina programu yake iitwayo Soma Label. Mifumo hiyo ilianzishwa kwa ajili ya kodi, lakini imewazoesha watu wazo kwamba chupa inaweza kuulizwa swali kwa simu, nayo ikajibu.

Kinachohitajika kwanza, basi, si tokeni. Ni kanuni iliyoandikwa: mchele wa Kyela ni mbegu ipi, umelimwa wapi, umekobolewa na kufungashwa namna gani. Ni chama cha wakulima chenye nguvu ya kumkataa mwanachama anayechanganya. Na ni ulinzi wa kisheria wa jina. Zanzibar iliingiza viashiria vya kijiografia katika Sheria yake ya Mali za Viwandani ya mwaka 2008, jambo lenye maana kubwa kwa visiwa ambavyo jina lao limefungamana na karafuu. Umoja wa Afrika nao ulitoa mkakati wa bara zima kuhusu viashiria vya kijiografia kwa kipindi cha mwaka 2018 hadi 2023.

Ipo mifano ya Afrika iliyofanikiwa kabla ya tokeni yoyote. Pilipili ya Penja na asali nyeupe ya Oku, zote za Kamerun, zilisajiliwa mwaka 2013 katika shirika la mali za ubunifu la nchi zinazotumia Kifaransa kwa wingi, OAPI. Majani ya rooibos ya Afrika Kusini yaliingizwa katika daftari la majina yaliyolindwa la Umoja wa Ulaya mwaka 2021. Kote huko kazi ilianzia shambani na kwenye mikutano ya wazalishaji waliokubaliana jina lao lina maana gani.

Maswali matano kabla ya kulipa

Mlaji anayekutana na chakula au kinywaji chenye tokeni anaweza kujipima kwa maswali haya:

1. Ni nani aliyethibitisha asili ya bidhaa, na je, mthibitishaji huyo ni tofauti na muuzaji?

2. Tokeni imefungwaje kwenye bidhaa yenyewe? Je, alama hiyo inaweza kubanduliwa na kuhamishiwa kwingine?

3. Je, tokeni ni cheti, ni stakabadhi ya umiliki, au ni kadi ya uanachama? Masharti yake yameandikwa wapi?

4. Iwapo bidhaa iko ghalani, ghala ni la nani, bima ni ya nani, na kampuni ikifilisika mali itakuwa ya nani?

5. Je, ungeinunua bidhaa hiyo kwa bei hiyo hata kama isingekuwa na tokeni?

Swali la tano ndilo linalopima mengine yote. Mlaji anayejibu ndiyo amenunua chakula, na tokeni imekuwa nyongeza. Anayejibu hapana amenunua matumaini ya kuuza kwa mwingine, na matumaini hayana hati ya asili.

Mkaguzi wa Parma ataendelea kuligonga jibini na kusikiliza. Tokeni inaweza kuieneza habari ya alichokisikia mpaka kwa mlaji aliye bara jingine, na kwa mkulima mkweli hiyo inaweza kuwa tofauti kati ya kulipwa na kupunjwa. Lakini asipokuwapo wa kugonga, hakuna habari ya kueneza.